Mgonjwa si Mvivu: Je, Kibarua Aliyelala Anastahili Ujira?

Safari hii tunataka kuzungumza jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya kila msimu wa mvua, malaria inapoingia nyumbani. Swali ni hili: mtu anayelipwa kwa siku au kwa saa, akiugua na kulala kitandani, je, anastahili kulipwa? Na kama sheria inampa haki hiyo, je, ni vema aidai, au ni kukosa shukrani kwa yule aliyempa kazi?

Hatuulizi kwa kupitisha wakati. Kijana mmoja wa kusanyiko letu alipata kazi ya kumsaidia fundi mwashi huko Butihinda, kando ya barabara iendayo mpakani Kobero. Alifanya kazi miezi kadhaa bila kukosa. Siku moja akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya kumeza ya siku 3. Hakupumzika hata siku moja, maana alijua asipofika alfajiri mwingine atashika koleo lake. Siku ya pili akaanguka na ndoo ya zege mkononi. Akalala wiki 3, na kazi ikaenda. Tulipomwuliza kwa nini hakumwambia mkubwa wake tangu mwanzo, alijibu: "Mimi ni mkimbizi, na tena kibarua. Nitadai nini?"

Jibu hilo limetusumbua. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha maradhi kwa ujinga. Alificha kwa sababu njaa ilikuwa karibu kuliko kifo.

Wapo ndugu wanaosema asiyefanya kazi asilipwe, na wanamtaja mtume Paulo na barua yake kwa Wathesalonike. Tuisome tena kwa makini. Paulo alimkemea mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakumkemea asiyeweza. Kati ya kutotaka na kutoweza kuna umbali mkubwa, na mtu anayewachanganya hao wawili anamhukumu mgonjwa kama mvivu.

Tufungue pia kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 30. Hapo tunamkuta kijana wa Misri, mgeni katika nchi, mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, na bwana wake akamwacha kondeni. Siku 3 hakula wala hakunywa. Watu wa Daudi walipomkuta, kwanza walimpa mkate, maji, tini na zabibu, ndipo nguvu zikamrudia na Daudi akamwuliza yeye ni nani. Mwisho wa habari tunaujua: yule aliyetupwa kama chombo kilichovunjika ndiye aliyewaongoza Daudi na watu wake hadi kambi ya Waamaleki. Bwana wake aliona hasara ya kumlisha mgonjwa, lakini hakuona hasara ya kumtupa. Na jambo moja linatugusa sisi wakimbizi: aliyetupwa alikuwa mgeni.

Basi sheria za serikali zinasemaje? Nchini Burundi, Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1993. Ugonjwa uliothibitishwa na daktari husimamisha mkataba kwa muda. Hauuvunji siku ileile. Kwa jirani zetu wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hazipati. Lakini aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule, na jumla ikapita miezi 6 ndani ya mwaka, naye anahesabiwa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, baada ya miezi 2 mfululizo mfanyakazi ana angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kila mwaka.

Na mkimbizi je? Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Burundi iliupokea mwaka 1963, katika kifungu cha 24 unasema mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe sawa na mwenyeji katika ujira, saa za kazi na likizo za malipo. Ni kweli zipo nchi, kama Tanzania, ambapo mkimbizi anahitaji kwanza kibali cha kazi. Lakini neno "nitadai nini?" lisiwe la kwanza kinywani mwetu kabla hatujauliza.

Tunakubali, wapo wanaojifanya wagonjwa ili wakacheze karata. Hao hawamwibii mwajiri peke yake. Wanamwibia na mgonjwa wa kweli, kwa kuwa kesho hataaminiwa. Ndiyo maana sheria inadai karatasi ya daktari. Karatasi ile si dharau kwetu, ni ushahidi wetu.

Sasa tufike mahali panapouma. Hata sisi tunaajiri. Mama mwenye kibanda cha chai ana msichana wa kuosha vyombo. Mwenye shamba la kukodi huwaita wenzake kulima. Msichana yule akiamka na homa, tunafanya nini? Mara nyingi tunafanya kama Mwamaleki, kisha jioni tunalia juu ya matajiri. Tunajua kipato ni kidogo, na kibanda cha chai hakiwezi kumlipa mtu miezi 2 akiwa amelala. Lakini siku 3 za malaria, je? Na kama hata hizo ni nzito, kumwekea nafasi yake hakugharimu faranga hata moja. Wala uji hautushindi.

Kwa hiyo tunashauri. Kila kibarua awe na daftari, aandike siku alizofanya kazi na kiasi alicholipwa. Akiugua, apeleke habari siku ya kwanza, hata kwa kumtuma mtoto. Aombe karatasi kwenye kituo cha afya na kuitunza. Aongee na mwajiri kwa maneno ya amani, akiwa na shahidi. Akikataliwa, aende kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, asiende kugombana. Na maswali ya siku ngapi na malipo gani ayaulize akiwa mzima, kabla homa haijabisha hodi.

Kudai haki kwa upole si kiburi. Anayeidai leo anamfungulia mlango mwenzake atakayeugua kesho. Yule kijana amepona na anatafuta kazi tena. Safari hii amenunua daftari.

Tuombeane, na tutunzane.