Mchele Usio na Jina

Je, ni usaliti mtu wa Madibira kuufurahia wali wa Thailand? Swali linaweza kusikika kama mzaha, lakini kwetu, wilayani Mbarali, mpunga ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Anayesifia mchele wa nje anaonekana kama amempa mgongo mama yake aliyeinama jarubani.

Swali hilo lilinijia Pangani, mji mtulivu wa mwambao wa Tanga, ambako mchana mtu anaweza kukaa akitazama tu kivuko kikienda Bweni na kurudi. Katika nyumba moja ya wageni, dada mpishi aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli za Zanzibar alinipikia mchuzi wa kuku wa Kithai: tui la nazi, mchaichai, tangawizi, pilipili mbichi, ndimu. Niliongeza mara mbili. Nikamuuliza mchele umetoka wapi.

“Thailand. Unanukia wenyewe.”

Nikamwambia hata kwetu Madibira, mkoani Mbeya, tunao unaonukia. Akacheka. “Wa Mbeya naujua, kaka. Lakini Mbeya ni kubwa. Gunia haliniambii zaidi ya hapo.”

Tukianza na asili, hoja ya usaliti haisimami. Pilipili ilitoka bara la Amerika, ikafika Asia na kwetu baada ya meli za Wareno kuingia katika bahari hizi. Mpunga tunaolima nao ni wa ukoo wa Asia, uliovuka Bahari ya Hindi zamani. Kama kula cha mgeni ni kosa, basi wali wa nazi ni kosa la karne nyingi, na mkulima wa Madibira ni mshiriki.

Kinachouma ni kitu kingine. Mwaka 1959 Thailand iliidhinisha rasmi mbegu ya Khao Dawk Mali 105, na mchele wake wa kunukia huuzwa nje ukiwa na alama ya serikali. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulilipa ulinzi jina la mchele huo unaotoka uwanda wa Thung Kula Rong-Hai. Mkulima wa huko ana jina linalotangulia gunia lake. Madibira ina skimu ya umwagiliaji ya takriban hekta 3,000, lakini mchele wake ukishafika mjini unakuwa “wa Mbeya”, basi. Jasho lina mahali pake, bidhaa haina.

Utasema jina ni mambo ya biashara, mwenye njaa hasomi gunia. Ni kweli, njaa haisomi. Lakini jina halileti bei peke yake, linaleta na deni. Maji ya majaruba yetu ni ya Mto Ndembera, unaoelekea Ihefu na kuingia Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko hubanana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Wakulima wa Usangu, wafugaji na wahifadhi wamelaumiana kwa miaka mingi. Mchele usio na jina hauulizwi umekunywa maji kiasi gani. Wenye jina huulizwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana: ulimi hausaliti, na sahani tamu haihitaji kutubiwa. Tunachodaiwa ni kujua. Mlaji adai kuambiwa chakula kimetoka kwa nani. Mkulima naye awe tayari kujibu kimelimwaje. Haki hizi mbili haziachani. Tukitaka neno Madibira liandikwe kwenye gunia, tukubali na Ndembera isomwe hapohapo.