Silsila ni Mnyororo

Sheikh Abdulqadir Jilani hakuanzisha tarika ya Qadiriya. Nikisema hivi mbele ya rafiki zangu wanaohudhuria dhikri, baadhi yao huniangalia kana kwamba nimemtukana mzazi wao. Lakini yatazame maisha yake. Alizaliwa Gilan, kaskazini mwa Iran, karibu na mwaka 1077. Aliingia Baghdad akiwa na miaka kama 18, akasoma fiqhi ya Kihanbali, na alikuwa anakaribia 50 alipoanza kuwahubiria watu. Alipofariki mwaka 1166 alizikwa kwenye madrasa yake. Aliacha mawaidha, wanafunzi na watoto wengi. Bendera, nyuradi zilizopangwa, makhalifa nchi kwa nchi: hayo yalikuja polepole, baada yake. Hata kitabu maarufu cha karama zake, Bahjat al-Asrar, kiliandikwa yapata karne moja baada ya kifo chake.

Kwa maneno mengine, waliokuja nyuma walihitaji mwanzo, wakamchagua yeye. Basi mnyororo uliounganishwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo ni uongo?

Ningejibu haraka kwamba ndiyo, kama si Bagamoyo.

Mtoto mmoja alichukuliwa utumwani kutoka Manyema, huko Kongo, akafikishwa pwani. Pwani ile mtu aliulizwa kwanza ukoo wake, na mtumwa hakuwa nao. Masharifu walihesabu mababu hadi kwa Mtume. Waungwana walihesabu hadi Shirazi. Yeye angehesabu hadi wapi? Mtoto yule alisoma, akafanya biashara, akapata ijaza ya Qadiriya, akawa Sheikh Ramiya. Sasa aliweza kuhesabu: mwalimu wake, mwalimu wa mwalimu wake, hadi Baghdad, hadi Madina. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali wa Bagamoyo, na utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa kisheria Tanganyika, ulifutwa 1922.

Silsila kwa Kiarabu ni mnyororo. Sina haja ya kueleza minyororo mingine iliyoonekana katika mji ule.

Kuna wasomi watakaosema: sawa, ni uzushi wenye manufaa. Kauli hiyo siipendi, maana inamwonea huruma Ramiya bila kumheshimu. Silsila si taarifa ya historia tu, ni ushahidi. Kila anayetoa ijaza anasema, "Huyu namdhamini," na jina lake linabaki hapo hata mwanafunzi akiharibika. Pete za karibu tunaweza kuzishika. Sheikh Uways, aliyeileta Qadiriya pwani kuliko mwingine yeyote, alisafiri kweli kutoka Barawa hadi Baghdad, akarudi na idhini, akapokewa Unguja zama za Sultani Barghash. Pete za mbali tunazipokea kwa sababu tunawaamini wa karibu. Hata mababu wa damu tunawajua hivyohivyo: nani kati yetu alimwona babu wa babu yake?

Kinachonisumbua ni kingine. Masufi husema muridi awe mbele ya sheikh wake kama maiti mikononi mwa mwosha. Nikimfikiria mtu aliyetoka kwa bwana mmoja akaambiwa maneno hayo, nasita. Unaweza kusema utii huu ameuchagua, na ule wa kwanza alitekwa. Tofauti hiyo ni kubwa, naikubali. Ila uchaguzi unafanywa siku moja, na umaiti unaendelea miaka. Na mnyororo haumzuii mtu kumwaga damu. Mwaka 1909 Sheikh Uways aliuawa Somalia na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Salihiya, tarika nyingine ya Kisufi. Waliomuua nao walikuwa na silsila yao, nao walikuwa watiifu.

Kwa hiyo ninaihukumu silsila kwa yule inayemwingiza, si kwa yule inayemtaja mwanzoni. Ilimwingiza mtu ambaye damu ilimfungia mlango. Hilo lilitokea, lina tarehe na lina kaburi.

Sheikh Ramiya alifariki 1931. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mwanawe, Muhammad, kama vile wana wa Abdulqadir walivyoshika madrasa ya Baghdad. Pwani ilikuwa imepata ukoo mmoja zaidi.