Je, Kumshinda Mpinzani kwa Werevu ni Dhambi?

Hapa Kolwezi, katika viwanja vya Dilala na vya Manika, vijana husema kwa sifa baada ya mchezo: «Mwalimu wetu amemdanganya mwalimu wao!» Mkristo hana budi kujiuliza: ikiwa kudanganya ni dhambi, yawezekanaje kumsifu mtu kwa kudanganya?

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama ni halali kumvizia adui vitani. Jibu lake latufaa. Kusema uongo au kuvunja ahadi ni haramu, hata mbele ya adui. Bali kuficha shauri lako si uongo, maana hatulazimiki kumfunulia kila mtu yaliyomo moyoni mwetu.

Tutazame mfano. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi, timu iliyoanzishwa na wamonaki Wabenedikto mwaka 1939, ilikutana na Internacional ya Brazili, mabingwa wa Amerika ya Kusini, katika Kombe la Dunia la Vilabu. Wabrazili walishambulia sana, kipa Robert Kidiaba akawazuia, na katika kipindi cha pili Mazembe ikapata mabao 2 kwa bila. Hivyo Lamine N'Diaye, mwalimu wa Mazembe, alimshinda Celso Roth. Je, Roth alidhulumiwa? Hasha! Kila mwalimu aingiapo uwanjani ajua kwamba mwenzake anamficha mipango yake, naye amekubali.

Sasa mfikirie mwalimu mwingine, katika mashindano ya vijana wa parokia. Anamwingiza mchezaji aliyepita umri, kwa cheti cha ubatizo cha mdogo wake. Huyu naye ameshinda kwa werevu. Lakini amevunja ahadi, kwa kuwa timu zote mbili ziliahidi kushika sheria zile zile. Amemwibia mpinzani haki yake. Tena, na hili ni baya zaidi, amemfundisha kijana kulikana jina alilobatizwa nalo.

Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, aliliunganisha taji la mshindani na utii wa kanuni. Basi, ewe mwalimu wa vijana, jipime hivi: mchezo ukiisha, waweza kumweleza uliyemshinda jinsi ulivyomshinda, pasipo kuona haya? Ukiweza, furahi pamoja na vijana wako, na umpe mkono mwenzako. Usipoweza, kombe hilo si lako. Lirudishe.