Betri Kwenye Joto la Juba

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Watoto walibaki nyumbani. Betri za magari yaliyoegeshwa juani hazikuwa na pa kukimbilia.

Joto huharakisha betri kujimaliza yenyewe, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Saa na kengele ya wizi nazo hunyonya kidogo kidogo. Betri ya risasi iliyojaa husoma takriban volti 12.6; ikiachwa muda mrefu chini ya 12.4, salfeti huganda kwenye sahani zake, na chaja huweza kushindwa kuifufua.

Inauma, maana kwa magari mengi ya Kijapani kinga ni spana namba 10 tu. Mwenye kusafiri huegesha chini ya mwembe, hulegeza nati, huchomoa waya wa hasi.