Hisabu ya Nyota na Uwongo wa Unajimu



Alitujia mzazi mmoja akatuuliza kama inafaa kuivunja posa ya binti yake, kwa kuwa mtazamiaji amemwambia kuwa nyota za wachumba hao hazipatani. Ujira wa maneno hayo alikwisha kuutoa. Jawabu letu tunaliandika hapa, kwani hayuko peke yake.

Vitabu vya unajimu vimejengwa juu ya nyota saba, kuanzia mwezi mpaka Zuhali. Basi tarehe 1 Januari 1801, katika mji wa Palermo, Sisilia, padri aitwaye Giuseppe Piazzi aliona nyota ndogo asiyoijua, na kila usiku ikisogea. Ikaitwa Ceres. Ni gimba lenye upana wa kilomita zipatazo 940, lizungukalo jua baina ya Mirihi na Mushtari pamoja na majabali mengi mengineyo, na mzunguko wake mmoja ni kiasi cha miaka minne na miezi saba. Piazzi akaugua, kisha Ceres ikapotea katika mwangaza wa jua. Hapo kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akaipigia hisabu njia yake. Na tarehe 31 Disemba mwaka ule ule ikaonekana karibu na pale alipopataja.

Hiyo ndiyo ilimu ya falaki: mtu husema, na mbingu humsadikisha au humkadhibisha. Ama mnajimu, ni nani aliyepata kumpima? Ceres ilikuwa ikipita juu ya vichwa vya walimu wake wote, wala hawakuwa na khabari nayo.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa msiba ule. Naye, pamoja na huzuni yake, akawafunza kuwa kupatwa kwa jua hakutokani na mauti ya mtu wala uhai wake. Ikiwa jua halikuwa na shughuli na mauti ya mwana wa Mtume, nyota zina shughuli gani na posa ya binti wa mtaani kwetu?

Palermo hiyo Waislamu waliitawala zaidi ya miaka 200, na wanavyuoni wetu kama Al-Battani waliipima mbingu kwa hisabu. Sisi warithi wao tunamlipa mpiga ramli!

Ewe mzazi, uliza dini ya kijana na tabia yake, uliza ridhaa ya binti yako, kisha msali istikhara. Na fedha ya mtazamiaji mnunulie mwanao kitabu cha hisabu.

Wabillahi tawfiki.