Mwigo wa Sauti ya Ndege

Jicho lina kope, sikio halina. Mtu asiyetaka kuona hufumba macho yake, lakini asiyetaka kusikia hana pazia la kuteremsha. Hata usingizini masikio yake hukesha. Kwa sababu hiyo sauti ina mamlaka kubwa juu ya moyo wa mwanadamu, na kila aigaye sauti ya kitu hutwaa sehemu ya mamlaka hayo. Je, anayo haki ya kuyatwaa? Swali hili ni la kale kama ngoma na zumari, lakini siku hizi limevaa vazi jipya. Limeingia majumbani pamoja na programu za kompyuta ziigazo urubani. Wapenzi wa programu hizo hawaridhiki na picha ya mawingu na ardhi peke yake. Hutafuta kwa bidii kubwa sauti ya injini iliyo sawasawa na ile ya ndege yenyewe, na wengine hutoa fedha kwa ajili ya sauti tu.

Kisarawe ni mahali pafaapo kulipima swali hilo. Mji huo wa Mkoa wa Pwani umekaa juu ya vilima, jirani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko upande wake wa mashariki, mwendo usio mrefu. Mkazi wa huko mwenye kompyuta aweza kuwa na sauti mbili za ndege. Ya kwanza humjia kutoka juu bila ya kuitwa, ikapita juu ya paa lake na kwenda zake. Ya pili huifungulia mwenyewe chumbani, akaipandisha na kuishusha kwa kidole. Ipi kati ya hizo ni ya kweli? Jibu jepesi ni kwamba ya juu ni kweli na ya chumbani ni uongo. Lakini jibu jepesi si jibu sahihi sikuzote, na hili lina walakini.

Kwanza yafaa kujua jinsi sauti ya chumbani inavyofanywa. Mafundi hutega vinasa sauti mahali mbalimbali pa ndege ya kweli: karibu na injini, ndani ya chumba cha rubani, na nje nyuma ya mkia. Injini huendeshwa polepole, kisha kwa kasi ya kati, kisha kwa nguvu zake zote, na kila hali hunaswa peke yake. Vipande hivyo huungwa mwisho kwa mwanzo ili visikike bila ya kukoma, na programu huchanganya kipande hiki na kile kwa kadiri mchezaji anavyoongeza au kupunguza mafuta. Kazi hii ina hesabu zake. Katika ndege ndogo iitwayo Cessna 172, injini ya silinda 4 inapozunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa milipuko 80 kwa kila sekunde, na mabapa mawili ya pangaboi lake hupita mara 80 vilevile. Mzunguko ukipungua, mvumo hushuka; ukizidi, mvumo hupanda. Fundi mvivu hurudia kipande kimoja kifupi kwa saa nzima, na sikio huyatambua marudio hayo kama jino litambuavyo jiwe katika wali.

Bidii ya namna hii yaweza kulaumiwa. Mwenye kulaumu atasema kwamba mwigo ni mwigo tu, na kwamba kadiri unavyofanana zaidi na kitu chenyewe ndivyo unavyozidi kuwa hadaa. Lawama hii ingekuwa nzito kama kila mwigo ungekusudiwa kumdanganya mtu. Mambo hayakuwa hivyo hata kabla ya kompyuta. Kisarawe ni sehemu ya nchi ya Wazaramo, na katika mila yao mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili, kisicho na mikono wala miguu. Mwali alikitunza kinyago hicho kama mtu atunzavyo mtoto. Hakuna aliyedanganyika. Mwali alijua kwamba ameshika mti, na waliomfunda walijua hivyo pia. Mwana hiti hakufanana sana na mtoto, lakini utunzaji wake ulifanana sana na malezi, na fundisho lilikaa katika matendo ya mikono iliyomshika.

Habari ya vyombo vya kuiga urubani nayo inalithibitisha jambo hilo kutoka upande mwingine wa dunia. Huko Binghamton, katika jimbo la New York, Edwin Link alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda vya upepo. Kufikia mwaka 1929 alikuwa amekwisha kubuni chombo cha kumfunza rubani bila ya kutoka ardhini, nacho kiliinama na kuinuka kwa nguvu za mivukuto ya aina ile ile iliyovipa vinanda pumzi. Kwanza chombo hicho kilipata wateja katika viwanja vya starehe, watu wakalipa senti wakipande. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hewa mbaya. Ndipo jeshi lilipokumbuka chombo cha Link na kununua vyombo 6. Mchezo ukawa shule. Baada ya nusu karne hivi shule ikarudi kuwa mchezo: programu ya urubani ya Bruce Artwick iliingia katika kompyuta za nyumbani kuelekea mwaka 1980, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikaanza kuuza programu iliyotokana na kazi yake. Milango kati ya mchezo na mafunzo imekuwa wazi tangu mwanzo, na mwigo umepita humo mara nyingi bila ya kuwa hadaa.

Basi kama mwigo si lazima uwe uongo, unakuwa uongo lini? Hapa yafaa kurudi juu ya kilima cha Kisarawe na kuichunguza ile sauti iliyosadikiwa kuwa ni ya kweli tupu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ndege iliyo mbali na msikilizaji kwa mita 3,400 husikika kama ilivyokuwa sekunde 10 zilizopita, na mtu atazamaye mahali mvumo unapotoka huona anga tupu, kwani ndege imekwisha kutangulia. Tena mvumo ule huwa mwembamba ndege inapokuja na huwa mnene inapokwenda zake, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842. Lakini rubani aliyekaa ndani hasikii badiliko hilo hata kidogo. Sauti ya kilimani, basi, ni kweli kwa aliye kilimani. Si kweli kwa rubani. Kila sauti ina mahali pake pa kuwa kweli, na anayeihamisha bila ya kujua mahali hapo huigeuza kuwa uongo hata kama ameinasa kwa chombo bora kupita vyote.

Hatari kubwa ya mwigo imo katika jambo hili. Kijana aliyekulia chini ya njia za ndege hujenga moyoni mwake taswira ya ngurumo. Anapoketi mbele ya kompyuta na kurusha ndege kubwa ya abiria, hutazamia ngurumo ile ile. Lakini katika ndege nyingi za namna hiyo injini ziko nyuma sana ya chumba cha rubani, na zinapokuwa katika mwendo wa juu, sauti inayotawala mle ndani ni ya upepo upigao pua ya ndege na ya mitambo ya hewa. Ukweli wenyewe ni mpole kuliko matazamio. Msikilizaji huona amepunjwa. Husema sauti ni hafifu, haina uhai. Mwenye kuuza hutamani kumpendeza, akaongeza ngurumo mahali pasipo na ngurumo. Biashara hiyo humfurahisha mnunuzi na muuzaji wote wawili, na ndege yenyewe, ambayo haina kinywa cha kujitetea, husingiziwa. Mwigo haukosi uaminifu kwa sababu si kitu chenyewe. Hukosa uaminifu pale unapoifuata kiu ya msikilizaji na kukiacha kitu kinachoigwa.

Mfano wa kinyume uko katika anga ya Tanzania. Mwezi wa Desemba 2018 Air Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina ya Airbus A220-300. Injini za ndege hiyo, zinapokuwa katika nguvu ndogo, hutoa mlio mrefu wa huzuni ambao wasikilizaji wengi wameufananisha na sauti ya nyangumi. Mtu asiyeuzoea hudhani ni kasoro. Fundi wa kuiga angeweza kuuondoa ili sauti iwe safi, wala wateja wengi wasingenung'unika. Akiuacha mlio ule mahali pake ameheshimu kitu kuliko sifa, na msikilizaji wake anajifunza kupokea jambo lilivyo badala ya lilivyotamaniwa. Hilo ni fundisho la maadili, ingawa limeletwa na spika ya kompyuta.

Tena sauti ndani ya ndege si pambo. Ni habari, na mara nyingine ni onyo. Katika bawa la Cessna 172 mna tundu ambalo hewa hunyonywa kupitia kwake na kulipuliza lisani dogo, kama katika kinanda cha mdomo. Mwendo unapopungua mno, lisani hulia noti 5 hadi 10 kabla bawa halijapoteza nguvu ya kuibeba ndege. Mchezaji ambaye huuzima mlio huo kwa kuwa unamkera, kisha akajisifu kwa utamu wa sauti ya injini yake, amebakiza wimbo na kumfukuza mwalimu. Aliye na sauti duni lakini akaitii amefaidi zaidi. Uhalisi wa sauti ni deni juu ya sikio: kadiri sauti inavyokaribia kweli, ndivyo msikilizaji anavyopasiwa kuisikiliza kama neno aliloambiwa yeye.

Hata hivyo liko deni moja ambalo mwigo hauwezi kulipa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda kuokoa. Katika chumba cha mchezaji nako ndege huanguka, tena mara nyingi. Injini hunyamaza, kidole hubonyeza, na mvumo huanza upya kama kwamba halikutokea jambo. Kimya cha kwanza na kimya cha pili havina tofauti kwa kinasa sauti. Kwa binadamu vina tofauti kama ya ardhi na mbingu, maana kimoja hukatizwa na kidole na kingine hakikatizwi na machozi ya ukoo mzima.

Kwa hiyo mtu mwenye akili hataudharau mwigo wala hatauabudu. Hataudharau, kwa sababu kijana wa Kisarawe asiye na mali ya kulipia masomo ya urubani aweza kulifunza sikio lake kutambua mzunguko wa injini, dalili ya mwendo kupungua, na adabu ya kutii onyo. Elimu hiyo ni halali, na mwana hiti wa Wazaramo ni shahidi wake. Wala hatauabudu, kwa sababu sauti iliyonaswa hubeba umbo la hatari bila ya uzito wake. Anayeisikia ameazima, hajanunua. Aliyeazima kitu cha watu hukitumia kwa heshima, akamkumbuka mwenye nacho. Na wenye sauti ya ndege ni wale walioketi ndani yake siku ambayo injini ilinyamaza kweli.