Sauti ya Horebu

Upepo wa Singida hauna haya. Hupita juu ya majabali kando ya Ziwa Singidani, huinua vumbi, huvuma mpaka mtu asisikie neno la jirani yake. Akaaye hapa hukisoma kisa cha nabii Eliya kwa masikio.

Katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Eliya amkimbia Yezebeli, afika mlima Horebu, alala pangoni. Ulipita upepo wa kupasua miamba, likafuata tetemeko, kisha moto, Mungu hakuwamo. Mwisho ilikuja sauti ndogo ya upole.

Sauti ile haikumsifu. Ilimwuliza alifanya nini pale. Alijibu kuwa amesalia peke yake. Akaambiwa arudi alikotoka, na kwamba wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti.

Wengi hudai kuwa wamenena na Mungu. Tutawapimaje? Naona kipimo ni hiki: asikiaye siku zote lile alilokwisha kulitaka, husikia nafsi yake. Eliya alisahihishwa. Nasi, ewe msomaji, lini tulikosolewa katika sala zetu?